Tangi Lenye Dirisha la Mkono

Siku Mzee Luka aliporudi kutoka mjini na tangi lake, nusu ya kijiji cha Zuzu ilitoka nje kuangalia. Alikuwa amekaa kwenye tela la trekta, mkono mmoja ameulaza mgongoni mwa lile dude, analishikilia kama ng'ombe wa mahari anayeweza kuruka wakati wowote. Na dude lilikuwa dude kweli: la duara, pana kuliko kitanda cha watu wawili, kimo chake hadi kifuani kwa mtu mzima, chuma kimepauka kwa vumbi na ubavu mmoja umebonyea.

"Mzee, unahamia humo?" akauliza mmoja.

"Aa, ni jeneza hilo," akadakia mwingine. "Kajiandalia mapema asije akatusumbua."

Watu wa kwetu hao, hawana dogo. Ukinunua hata jembe watakuuliza unataka kumfukia nani. Luka alikuwa fundi kwenye karakana ya reli mpaka alipostaafu, na mtu aliyezeeka akisikia mabehewa yakigongana hasumbuliwi na midomo ya majirani. Macho yake yalikuwa mlangoni kwake, aliposimama mkewe Anyesi, mkono wa kushoto umelishika bega la kulia. Sababu ya safari yote ile ilikuwa hapo, kwenye hilo bega.

Sasa, kama humjui Anyesi, basi wujimbi, pombe yetu ya uwele, hujaunywa. Umekunywa maji ya uwele ukadanganywa kuwa ni pombe. Mimi nimezunguka, nimeonja ya Bahi, nimeonja ya Mpwapwa, nimeonja hata ya wale wanaojisifu huko Chimwaga kwamba wanapikia wasomi wa chuo, na nasema bila kumung'unya maneno: pombe ya Anyesi ni ya pekee yake. Ni nzito lakini haikwami kooni. Ina ukali, lakini ukali wa mtu mwenye adabu.

Siri yake ilikuwa kiganja. Uji wa uwele hupikwa mchana, jioni humiminwa kwenye mitungi, ukaachwa upoe usiku kucha. Alfajiri mpishi huamka na kulaza kiganja kwenye tumbo la mtungi. Uji ukiwa bado wa moto, kimea kikitiwa kinaungua na pombe haiamki. Ukipoa kupita kiasi, inaamka kwa uvivu na kuchacha njiani. Kuna wakati mmoja tu katikati ya hapo, na wa kuujua ni kiganja. Tena kuna mwiko: pombe iliyolala, yaani kabla haijatiwa kimea, haichovywi kidole wala haionjwi. Anyesi alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake na bibi yake. Unauliza mtungi, huulizi uji. Ndiyo maana pale Zuzu watu walikuwa na msemo wao, kwamba mkono wa Anyesi haukosei.

Lakini mkono unaning'inia begani, na bega la Anyesi lilikuwa limechoka. Miaka yote hiyo ya kubeba mitungi, kuinamisha mitungi, kuinua madebe ya uji unaochemka, ndugu yangu, hata reli ingepinda. Kipupwe kilichopita aliteleza na mtungi mkubwa kuliko yote, ule aliorithi kwa mama yake. Mtungi ukapasuka, bega likateguka, na bibi aliyekuwa akifinyanga mitungi ya ukubwa ule alikwisha kufa bila kumfundisha mtu. Anyesi akabaki na vitungi viwili vya kupikia pombe ya watu watatu.

Nayo habari ikaja wakati huohuo. Angelina, binti yao wa mwisho, amepata mchumba, kijana mmoja wa Bahi aitwaye Damas. Wakwe wangeleta ng'ombe mwezi wa saba. Na kwa desturi, siku ya kupokea ng'ombe, mama wa binti humpa mama wa kijana kata ya kwanza ya pombe aliyoipika mwenyewe. Si ya kununua, si ya kuazima. Kata hiyo ndiyo inayosema: mwanangu ametoka kwenye nyumba ya namna hii. Na mama yake Damas alikuwa nani? Bi Violeth! Mpishi wa pombe anayejulikana Bahi nzima, mwanamke ambaye, wanasema, aliwahi kurudisha kata harusini na kuuliza kama kuna mtu amefulia humo.

"Nitampa nini Violeth mimi?" Anyesi alimwambia mumewe siku moja, akijikanda bega kwa mafuta ya moto. "Soda? Nimpe soda, Baba Angelina? Wote waliokunywa kwangu wasikie kwamba siku ya mwanangu mwenyewe nilimpa mkwe soda?"

Hakulia. Kama angelia, Luka angejua la kufanya, angemnyamazisha. Lakini alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akiangalia ukuta, na Luka akaona moyo umemkatika. Kesho yake akapanda gari kwenda mjini, kwenye uwanja wa chuma chakavu wa Jamaldini.

Jamaldini huyu kwao ni Kondoa, mtu wa dini, kofia haitoki kichwani hata wakati wa kupima vyuma. Uwanja wake una kila kitu kilichowahi kuwa na kazi hapa duniani: mapipa ya lami, mabawa ya mashine za kupuria, vitanda vya hospitali. Luka alizunguka humo kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, akigonga hiki, akigonga kile, akisikiliza. Mwisho akasimama mbele ya tangi lile. Alilifuta vumbi kwa kiwiko, chuma kikamrudishia uso wake. Stenlesi tupu! Lilikuwa tangi la kupozea maziwa, la kituo kimoja kilichofungwa zamani barabara ya Kondoa. Mashine yake ya baridi ilikwisha kung'olewa, lakini tumbo lilikuwa zima.

"Shikamoo, Mzee Luka," Jamaldini akaja akipangusa mikono. "Umelipenda?"

"Marahaba. Nimelipenda."

"La maji hilo?"

Luka angeweza kusema ndiyo na mambo yakaisha. Lakini hakuwa mtu wa hivyo. "La pombe," akasema. "La mke wangu."

Jamaldini akavuta pumzi. Akalitazama tangi, akamtazama mzee, akarekebisha kofia. "Mzee wangu, mimi nauza chuma kilichokuwa kimebeba maziwa. Hapa kwangu kinatoka na maziwa yake. Likishavuka lango, litakalotiwa humo ni kati yako na Mola wako."

"Amina," akasema Luka.

"Ila lango lenyewe limeng'oka bawaba. Wewe si fundi?"

Basi Luka akalipia tangi kwa jasho. Alilitengeneza lango, akachomelea na mizani iliyokuwa imepinda mguu, na siku alipomaliza Jamaldini mwenyewe akasaidia kulipandisha kwenye tela.

Jamani, mnaojua kusifia wanaojenga madaraja, mngekuja Zuzu mkaona kazi ile. Kwanza aliunyoosha ule ubavu uliobonyea, polepole, kwa nyundo ya mbao na matambara, mpaka ukarudi bila kovu. Akalisugua kwa maji ya moto na majivu, ndani na nje, mpaka harufu ya maziwa ya miaka ikaondoka. Kiwanja chake kina mteremko, na yeye akautumia mteremko kama mtumishi. Juu kabisa alijenga jiko la mawe, akaliweka pipa la kupikia uji, akalitoboa chini na kulitia koki kubwa na bomba. Chini ya hapo akalisimamisha tangi juu ya miguu aliyoikata kwenye vyuma vya kitanda cha hospitali. Chini ya tangi, koki nyingine, na mbele ya koki chujio la bati lililotobolewa matundu madogo madogo, moja moja, kwa msumari. Uji ungetoka kwenye pipa uingie kwenye tangi wenyewe. Pombe ingetoka kwenye tangi iingie kwenye ndoo yenyewe. Kazi ya Anyesi ingekuwa kufungua na kufunga.

"Yaani sibebi kitu?" Anyesi aliuliza, akizunguka.

"Mwiko tu wa kukorogea."

"Na hiki?" Aligonga ubavu wa tangi. Ukatoa sauti nzito, si mlio wa debe.

"Hapo ndipo utamu ulipo. Lina ngozi mbili. Katikati kuna kama sponji ngumu, ya kuzuia joto la nje lisiharibu maziwa. Wewe kipupwe si unaamka usiku kufunika mitungi kwa magunia na mablanketi? Basi, blanketi liko ndani humo. Hutaamka tena."

Anyesi akacheka, cheko ambalo Luka hakulisikia tangu bega liteguke. Akasema, "We mzee, una akili kumbe." Na mzee akainama kufunga koki iliyokuwa imefungwa tayari, maana uso ulikuwa umemjaa furaha akaona haya.

Uwele wao uliokuwa umebaki ghalani ulitosha kupika mara mbili. Wakakubaliana wapike kwanza wa kulijaribu tangi, na wa pili uwe wa wakwe. Uji ukapikwa siku nzima, jioni koki ikafunguliwa, ukateremka kwa mngurumo ukajaa tangi, wakalifunika. Usiku ule upepo wa mwezi wa saba ulivuma, ule wa Dodoma unaopita mpaka kwenye mifupa, na Anyesi kwa mara ya kwanza alilala fofofo.

Alfajiri alitoka na ungo wa kimea. Mikono ilikuwa na unga mpaka vifundoni. Akalaza kiganja kwenye tumbo la tangi, akafumba macho. Luka alisimama kando akiwa amejifunga shuka, hathubutu hata kukohoa. Chuma kilikuwa cha baridi.

"Limepoa," akasema Anyesi. "Tena limepitiliza kidogo. Haraka!"

Wakafunua. Mvuke ulitoka, lakini Dodoma mwezi wa saba hata maji ya kisimani hutoa mvuke alfajiri, nani angeshangaa? Utando mzito ulikuwa umefunika uji wote. Anyesi akaupasua kwa mwiko, akamwaga kimea, akakoroga, wakafunika. Kwenye ubavu wa tangi kikabaki kiganja chake cha unga, vidole vitano, wazi kabisa.

Pombe ikiamka unaisikia. Inanong'ona, inachemka bila moto, inasukuma mfuniko kwa povu. Jioni Anyesi aliweka sikio. Kimya. Kesho yake asubuhi akaweka sikio. Kimya. Jioni akafunua, akachota kwa kata, akaonja. Luka aliona uso wake ukibadilika.

"Ni tamu," akasema.

"Sasa utamu si ndio..."

"Ni tamu, Baba Angelina! Hii ni togwa! Nimepika togwa!"

Na kweli ilikuwa togwa, na kwa togwa ilikuwa nzuri mno. Laini, tamu kama miwa, haina ulevi hata wa kumlewesha inzi. Majirani walikuja na vikombe, wakanywa huku wakicheka kwa adabu, ile adabu inayouma kuliko matusi. Wakaanza kusema chuma hakiamshi pombe, pombe inataka udongo. Halafu, pembeni, wakaanza kusema lingine: mkono wa Anyesi umezeeka. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema wahenga, na Zuzu siku zile ilivuma!

Aliyefurahi alikuwa mtu mmoja tu. Jamaldini alikuwa amepita kuja kuona tangi lake limekuwa nini, akapewa kikombe, akakinusa kwa mashaka.

"Haina kitu," Luka akamwambia kwa uchungu. "Kunywa tu. Imeharibika ikawa halali."

Jamaldini akanywa. Akaomba cha pili. Akaomba na dumu ampelekee mkewe Sabiha. "Mama," akamwambia Anyesi kwa moyo mweupe kabisa, "wallahi pombe yako ni tamu sana."

Anyesi aliinuka akaingia ndani.

Luka alimkuta amekaa kitandani, ameuweka mkono wa kulia juu ya paja, kiganja juu, anakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Mkono umekufa," akasema. "Uliniambia limepoa. Haujawahi kunidanganya, Baba Angelina. Sasa umenidanganya mbele ya watu."

"Si mkono. Ni tangi."

"Tangi ni chuma, litasema nini? Mimi ndiye niliyesema haraka." Akakikunja kiganja. "Mwambie Angelina atafute kreti za bia. Uwele uliobaki tutakula uji."

Luka hakujua kusema maneno. Angekuwa msemaji angemwambia kwamba amekipenda kiganja hicho tangu kilipompa kata ya kwanza yeye mwenyewe, kijana mwenye mafuta ya garimoshi mpaka puani. Badala yake akatoka nje. Alijisikia vibaya, vibaya kweli. Yeye ndiye aliyelileta dude lile nyumbani. Alitaka kulipumzisha bega, akauvunja mkono.

Akachemsha maji ili alioshe tangi, na moyoni alishaamua kulirudisha kwa Jamaldini likachanwe vipande. Akamimina maji ya moto ndani, akaegemea ukingo, tumbo na kifua vimegusa ubavu wa tangi, akazamisha mkono wenye kitambaa kusugua.

"Mamaaa!"

Aliuchomoa mkono ukiwa mwekundu. Akaupuliza, akatukana kidogo. Halafu akaacha kupuliza. Mkono ulikuwa umeungua, lakini tumbo lake, lililoegemea chuma hichohicho, lilikuwa linahisi baridi. Akalaza shavu ubavuni. Baridi. Akachovya kidole ndani. Moto.

"Lo!" akasema Luka peke yake. "Lo, lo, lo!"

Ngozi mbili! Blanketi alilojisifia lilikuwa limefanya kazi yake sawasawa. Uji ndani ulikuwa unaunguza mpaka alfajiri, na ngozi ya nje ilikuwa inapigwa na upepo wa mwezi wa saba. Mkono wa mkewe haukukosea hata chembe. Uliambiwa na chuma kwamba ni baridi, ukasema baridi. Na kwa kuwa pombe iliyolala haichovywi, hakukuwa na mtu wa kugundua. Mwanamke mwingine yeyote, wa kabila lolote, angetia kidole akajua. Ila yeye alikuwa ameshika mwiko wa mama yake, na yeye Luka ndiye aliyeujengea ukuta katikati.

Angeweza kukimbia ndani akamwambie. Lakini alimjua mkewe. Kuambiwa hakungemrudishia kitu, na kumwambia achovye kidole kungekuwa kumtukana. Alitaka mkono wenyewe useme. Akageuka akalitazama tangi, na hapo akakiona kile kiganja cha unga. Kilikuwa bado pale, kimekauka, vidole vitano vimetanuka mahali haswa Anyesi anapopashika akisimama wima bila kuliinua lile bega.

Luka akaenda kuchukua grenda.

Kelele zilipoanza Anyesi alitoka mbio, kanga moja. "Wewe! Umeshindwa kulirudisha sasa unaliua?"

"Kaa pembeni, Mama Angelina, cheche hizi."

"Unafanya nini?"

"Naweka dirisha."

"Dirisha la nini? Pombe itachungulia nje?"

Alikata ngozi ya nje tu, polepole, akikizunguka kiganja chote, na kipande kilipolegea akakitoa kwa vidole na kukiweka juu ya jiwe kwa uangalifu kama kioo. Ile sponji ya njano akaichimbua kwa kisu. Nyuma yake ikatokea ngozi ya ndani, safi, inang'aa. Akaifunga sponji pembeni kwa utepe wa stenlesi aliouchomelea kuzunguka tundu lote, kisha akakaa chini na tupa, baadaye na msasa, akizilainisha kingo. Alizilainisha mpaka magharibi. Kila mara alipitisha kidole chake, akatikisa kichwa, akaendelea. Hakutaka hata unywele wa chuma umkwaruze.

Alipomaliza, akaumwagia ukuta wa ndani, nyuma ya dirisha, ndoo ya maji ya moto. "Shika nje," akamwambia. Anyesi akashika. "Haya, shika hapa."

Anyesi akaingiza kiganja dirishani. Akakichomoa haraka. Akakitazama. Akakirudisha. Luka aliona mabega yote mawili yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe," akasema. Akarudia, kiganja bado dirishani. "Kumbe haukukosea."

"Haukukosea hata siku moja."

Akampiga mumewe kofi la mgongoni, kofi zito la mapenzi, kwa mkono uleule. "Koleza moto, mzee! Wakwe wanakuja na wewe umekaa!"

Wakapika uwele wa mwisho. Kama huu ungeharibika, hapakuwa na mwingine, na Luka siku ile hakula kitu. Alfajiri Anyesi alisimama mbele ya tangi, akaingiza kiganja dirishani.

"Bado."

Jua likachomoza. Angelina, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya siku yake, akauliza kama asaidie, akaambiwa anyamaze. Treni ya asubuhi ikapita.

"Bado."

Jua likapanda, kuku wakaanza kutafuta vivuli. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanajifanya wamekuja kuazima chumvi. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona kimea kikitiwa jua likiwa limefika kule. Mmoja akanong'ona kwamba mama wa watu amechanganyikiwa. Anyesi hakugeuka. Kiganja kilikuwa ndani ya dirisha na macho yamefumbwa, na mimi nawaambia, kumwona mwanamke yule amesimama hivyo, watu wote wanasema kimea ni alfajiri na mkono wake unasema bado, na yeye anauamini mkono, ilikuwa raha kuliko pombe yenyewe.

"Sasa," akasema.

Kimea kikaingia. Jioni hakukuwa na haja ya kuweka sikio. Mfuniko ulikuwa unatikisika.

Wakwe walifika Jumamosi na ng'ombe wao. Salamu za "Mbukwenyi!" zikapaa, vigelegele vikajibu, na baada ya wanaume kumaliza maneno yao marefu, Anyesi akafungua koki, akajaza kata, akapiga magoti akampa Bi Violeth. Violeth alipuliza povu, akanywa kidogo. Akanywa tena, safari hii hakuishusha kata mpaka ikaonyesha kitako.

"Mwanangu anaoa hapa," akasema, akapangusa mdomo. "Hata mkitaka ng'ombe wengine, semeni tu."

Vigelegele hivyo, mngesikia! Violeth akataka kuonyeshwa pombe ilikotoka. Akalizunguka tangi, akaligonga, akafungua koki na kuifunga, akamsalimia Luka kwa mikono miwili. Alipoliona dirisha akaingiza mkono wake mnene. Haukuingia.

"Mbona dogo?"

"Hukukatiwa wewe," akasema Anyesi, na watu wakaangua kicheko, Violeth mwenyewe akiwa wa kwanza.

Wageni walipoondoka, Jamaldini, aliyekuwa amekuja na Sabiha na kunywa soda zake kwa amani, akaomba apewe mabaki ya chuma. Anyesi akamwambia azoe yote. Akazoa vipande vya bomba, vyuma vya kitanda, na kutoka kwenye sanduku la Luka, chini kabisa, kilichofungwa ndani ya kitambaa safi, akatoa kipande kimoja cha stenlesi.

"Hicho rudisha," akasema Luka kutoka kule alikokuwa.

"Mzee, hiki si kipande tu?"

"Vipande ni hivyo vingine. Hicho rudisha."

Anyesi akakichukua mkononi mwa Jamaldini, akakifunua. Kiganja cha unga kilikuwa bado pale, vidole vitano, kimepasuka kidogo kwenye kidole gumba. Alikiangalia muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu yake bila kukigusa, kikaenea sawasawa.

"Na mkono wenyewe mchafu," akasema, akitafuta pa kuficha uso. "Ungeniambia unataka kuuweka, ningenawa kwanza."

"Ungenawa," akasema Luka, "nisingejua pa kukata."